Barua Mbili Mezani: Binti Asomee Udaktari Wapi?

Mwaka 2023, kiangazi kilipokuwa kinakwisha, seremala mmoja wa mtaa wetu, mtu mpole asiyependa maneno mengi, alikuja nyumbani kwetu jioni pamoja na mke wake na binti yao wa kwanza. Mkononi alishika bahasha mbili. Alikaa, akazungumza kwanza habari za ziwa na bei ya mbao, kama ilivyo desturi ya watu wenye adabu, kisha akaziweka bahasha zile juu ya meza akasema: «Mwalimu, neema imetujia mara mbili katika juma moja, na sasa hatulali.»

Binti yule tulimfundisha sisi wenyewe hesabu na Kifaransa. Alikuwa amefaulu mtihani wa Serikali kwa alama nzuri, na tangu utoto wake alikuwa na neno moja tu: nitakuwa mganga. Wengi husema hivyo wakiwa wadogo, kisha neno hupotea njiani pamoja na meno ya utoto. Kwake halikupotea. Alikuwa amepeleka maombi katika vyuo viwili, akitumaini kimoja kimkubali, na tazama, vyote viwili vilimkubali.

Barua ya kwanza ilitoka katika chuo kikuu cha Serikali, cha zamani, mbali sana na mji wetu wa kando ya Tanganyika. Kufika huko ni kwa ndege, au kwa treni ambayo hakuna ajuaye saa yake. Ilikuwa barua fupi na kavu: jina, namba, siku ya kujiandikisha, basi. Barua ya pili ilitoka katika chuo cha watu binafsi kilichofunguliwa katika mji wetu wenyewe. Hiyo ilikuwa na karatasi nzito, picha ya jengo lililopakwa rangi, na maneno ya kupendeza. Tena ilimwahidi binti kwamba kwa sababu ya alama zake atapunguziwa nusu ya karo.

Majina ya vyuo hivyo hatutayataja. Hatupendi makala haya yahesabiwe kuwa tangazo la kimoja au matukano ya kingine. Na jambo lenyewe, wazazi wengi wanaosoma ukurasa huu watalikuta mlangoni pao kwa majina mengine.

Ukoo, bila shaka, ulikuwa umekwisha kusema. Mjomba wake, ambaye kwa desturi ya kwao ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake, alitaka chuo cha karibu: msichana hatumwi peke yake katika mji mkubwa, na karo ni nusu. Baba mdogo, anayefanya kazi migodini, alituma ujumbe kwa simu kwamba chuo cha zamani ndicho chenye jina, na jina ndilo linalompa mtu kazi. Shangazi alisema Kinshasa, ingawa Kinshasa haikuwa imeandika barua yoyote. Mama hakusema kitu. Mama huuza ndagala sokoni, na alikuwa anajua kuliko wote fedha itatoka wapi.

Baba akatuuliza: «Na wewe, Mwalimu, unasemaje?» Hatukujibu. Tulimgeukia binti, kwa maana hata mtu mmoja alikuwa hajamwuliza, tukasema: «Mwanangu, wewe unataka nini?» Akatazama chini, akajibu: «Mwalimu, mimi nataka mahali nitakapomaliza.»

Neno hilo tuliliona kuwa na akili kuliko maneno yote ya ukoo, nasi tukaanzia hapo.

Hesabu juu ya ubao

Baba alikuwa na kalamu yake ya useremala nyuma ya sikio. Tukaenda katika karakana yake kesho yake, akachukua kipande cha ubao kilichokwisha randwa, tukaandika. Barua zote mbili zilihesabu masomo ya miaka sita mpaka udaktari.

Hesabu ya kwanza ilikuwa ya mjomba, naye alikwisha kuifanya kichwani. Chuo cha karibu kinadai dola 900 kwa mwaka. Nusu yake ni 450. Mara sita ni dola 2,700, na mtoto analala kwao na kula chakula cha mama yake. Chuo cha mbali kinadai dola 400 tu, lakini kuna chumba na chakula, ambavyo tuliviweka kuwa dola 600 kwa mwaka bila anasa yoyote. Jumla 1,000 kwa mwaka, na 6,000 kwa miaka yote, bila nauli. Elfu mbili na mia saba kwa elfu sita! Mjomba akacheka, akasema kwamba watu wa vitabu hupenda kufanya rahisi kuwa ngumu.

Tukaomba kuisoma barua tena, polepole, kama tunavyowaambia wanafunzi wasome swali kabla ya kujibu. Na katika mstari wa mwisho, chini ya sahihi, kulikuwa na maneno haya: kwa mwaka wa masomo wa kwanza. Nusu ya karo ilikuwa ya mwaka mmoja tu. Wala hatuwezi kuwashitaki walioandika, kwa kuwa waliandika wazi. Ni sisi tuliosoma kwa furaha badala ya macho. Basi ubao ukafutwa kwa randa. Mwaka wa kwanza 450, miaka mitano iliyobaki mara 900, yaani 4,500. Jumla dola 4,950. Bado chuo cha karibu kilishinda kwa dola 1,050, na dola 1,050 katika nyumba ya seremala si fedha ya kudharau. Ni mbao, ni misumari, ni karo ya wadogo zake watatu.

Tungeishia hapo kama tusingelikumbuka habari ya mwalimu mmoja wa zamani.

Mwalimu aliyewakagua waganga

Mwalimu huyo alikuwa Mwamerika, jina lake Abraham Flexner. Hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa shule, mwenye shule yake mwenyewe katika mji wa Louisville, na kwa hiyo tunampenda kidogo zaidi kuliko inavyostahili. Katika Marekani ya siku zile vyuo vya udaktari vilizidi kwa wingi. Vingi vilikuwa biashara ya waganga wachache waliokodi jumba, wakaweka viti na mifupa ya mtu mmoja, wakapokea karo. Shirika la Carnegie likamtuma Flexner avitembelee. Akapanda treni, akaenda katika vyuo 155 vya Marekani na Kanada, kimoja kimoja, na taarifa yake ikachapwa mwaka 1910.

Lililotufaa sisi ni maswali yake, kwa sababu hata seremala anaweza kuyauliza. Wanafunzi wanaingia wakiwa na masomo gani? Walimu wanaofundisha kazi hiyo tu ni wangapi? Chumba cha kupimia damu na dawa kiko wapi, na je, vyombo vyake vinatumika au vina vumbi? Na lile kubwa kuliko yote: wagonjwa wako wapi? Alikuta vyuo ambavyo mwanafunzi alitoka na hati ya udaktari bila kumgusa mgonjwa ila mara chache. Mfano wake wa chuo chema ulikuwa Johns Hopkins wa Baltimore, ambako hospitali ilifunguliwa kwanza, mwaka 1889, na shule ya udaktari ikafuata mwaka 1893. Huko wanafunzi walizoezwa kando ya kitanda cha mgonjwa. (Akina mama wanaosoma wajue pia kwamba shule hiyo ilipungukiwa fedha za kufunguliwa, na aliyezitimiza alikuwa mwanamke, Mary Elizabeth Garrett, kwa sharti kwamba wasichana wapokelewe sawasawa na wavulana.)

Lakini tusimsifu Flexner kupita kiasi. Vyuo saba vilikuwa vya watu weusi. Yeye alishauri viwili tu vihifadhiwe, Howard na Meharry, na vile vitano vingine vikafungwa katika miaka iliyofuata. Wakaguzi wenye haki wangalisema visaidiwe. Matokeo yake yalikuwa vijana weusi wengi kukosa mlango, na wagonjwa wao kukosa waganga, miaka mingi sana. Ndiyo maana mwaka 2020 shirika la vyuo vya udaktari la Marekani liliondoa jina lake katika nishani iliyokuwa inaitwa kwa jina hilo. Tunayachukua maswali yake, na hukumu zake tunaziacha kaburini.

Nasi hapa Kongo tunajua maana ya kukosa mlango. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, nchi hii nzima haikuwa na Mkongo hata mmoja mwenye shahada kamili ya udaktari. Tulikuwa na wauguzi wengi na wasaidizi wa waganga wenye ujuzi mwingi, waliofanya kazi za daktari bila kuitwa daktari. Lovanium, juu ya kilima karibu na Kimwenza, ilikuwa imefunguliwa mwaka 1954, na wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari walikuwa hawajamaliza. Ikawa lazima Shirika la Afya la Ulimwengu liwapeleke makumi ya wasaidizi wale Ufaransa kumalizia masomo. Walikuwa watu wazima, wenye wake na watoto, wakarudi madarasani kukaa kando ya vijana. Hawakuchagua kati ya barua mbili. Watoto wetu wanaochagua leo wana bahati ambayo babu zao hawakuiona.

Tulichokiona

Basi tukaenda na baba kukitembelea chuo cha karibu. Mkuu wake alitupokea kwa heshima, akatuonyesha madarasa safi, viti vipya, kompyuta zilizofunikwa kwa vitambaa, na kabati la vitabu lenye vioo. Baba alivipapasa viti kwa mkono, akasema vimeunganishwa vizuri, na tunadhani hilo ndilo lililompendeza zaidi. Tukauliza habari ya ruhusa ya Waziri. Karatasi ilikuwepo, nasi tuliiona. Kisha tukauliza: «Wanafunzi wa miaka ya mwisho watajifunzia katika hospitali ipi?»

Mkuu hakutuficha kitu, naye tunamshukuru. Chuo kilikuwa na umri wa miaka minne. Hakuna mwanafunzi aliyekuwa amefika mwaka wa mwisho. Kuhusu hospitali, alisema kulikuwa na mapatano na hospitali ya mji mwingine, na kuanzia mwaka wa nne wanafunzi watahamia huko, kila mmoja akijitafutia nyumba. Njiani baba alinyamaza. Tulipofika karakana alichukua ubao ule mwenyewe, akaandika: miaka mitatu, chumba na chakula, dola 600 kila mwaka, ni 1,800. Akajumlisha na 4,950. Ikawa 6,750.

Chuo kilichokuwa rahisi kwa zaidi ya nusu kikawa ghali kuliko kile cha mbali.

Chuo cha mbali tulikiona sisi peke yetu, kwa maana mwezi ule tuliitwa katika mji huo kwa mkutano wa walimu. Tuseme kweli: kilitutisha. Katika ukumbi wa mwaka wa kwanza vijana walikuwa wengi hata wengine walisimama madirishani nje, wakiandika juu ya mgongo wa mwenzao. Sauti ya profesa haikufika nyuma. Vyoo hatutavieleza. Tukaambiwa kwamba walimu huenda wakagoma wakikosa mishahara, na mwaka wa masomo ukajivuta mpaka ukazaa mwaka mwingine. Kwa hiyo mzazi wa chuo kama hicho anayehesabu miaka sita afadhali aweke akiba ya saba. Tukaambiwa tena kwamba katika mwaka wa kwanza wengi huanguka, na kila aangukaye hurudia au huenda zake. Hilo nalo ni fedha: kurudia mwaka kwa hesabu ya ubao wetu ni dola 1,000.

Lakini alfajiri ya siku ya pili tulikwenda hospitalini kwao. Tulizunguka na mwuguzi mmoja aliyekuwa mwanafunzi wetu zamani. Wagonjwa walikuwa wamejaa: homa za watoto, mifupa iliyovunjika, akina mama wa kuzaa wawili wawili. Kando ya kitanda kimoja profesa mzee alikuwa anafundisha, na wanafunzi tuliowahesabu walikuwa 14, yule wa nyuma akisimama kwa ncha za vidole. Hawa 14 kwa mgonjwa mmoja ni wengi mno. Baadaye, katika wodi ya uzazi, tulimkuta kijana wa mwaka wa mwisho ananawa mikono. Tukamwuliza kama kweli anajifunza kitu katika msongamano ule. Akacheka, akasema: «Mwaka wa tatu unaona mgongo wa mwenzako, mwaka wa sita unaona mgonjwa.» Usiku ule alikuwa amepokea watoto wanne kwa mikono yake, daktari akiwa amesimama nyuma yake.

Si kila chuo cha binafsi kisicho na hospitali, wala si kila chuo cha Serikali chenye wagonjwa na walimu wa kutosha. Tangu mwaka 1989, Serikali ilipofungua njia kwa vyuo vya watu binafsi na vya makanisa, vimeota vingi kama uyoga, na mara kwa mara Serikali yenyewe imelazimika kufunga vingine. Lakini vipo vilivyojengwa kwa namna nyingine. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu, kilichoanza mwaka huo wa 1989, wanafunzi wake wa udaktari hufundishwa katika Hospitali Kuu ya Bukavu. Butembo kuna Chuo cha Graben chenye kliniki zake. Na ndugu zetu Waprotestanti wa Bukavu wana chuo kinachotumia Hospitali ya Panzi. Mzazi asitazame kama mlango umeandikwa «Serikali» au «binafsi». Atafute kitanda, na mgonjwa juu yake, na mwalimu kando yake.

Na kwa nini tunashikilia sana kitanda? Kwa sababu ya Yambuku. Mwaka 1976, katika hospitali ya misioni ya Yambuku, mkoa wa Ekwateri, kulikuwa na vitanda 120, na daktari hakuna. Masista wauguzi walifanya kazi ya watu kumi. Walikuwa na sindano tano kila asubuhi kwa wagonjwa wote, zikisuuzwa kwa maji na kutumiwa tena, na kwa njia hiyo ugonjwa ambao haukuwa na jina bado, ndio Ebola, ulipita kutoka mkono mpaka mkono. Watu 318 waliugua, 280 wakafa, na kati yao masista waliokuwa wanawauguza. Daktari Jean-Jacques Muyembe, aliyehitimu Lovanium mwaka 1969 na kuongeza masomo Louvain, alitumwa kutoka Kinshasa kwenda kuona. Aliwapima wagonjwa na kuchukua damu bila glavu, kwa maana hakujua anachokigusa, akanawa kwa maji na sabuni. Alirudi Kinshasa na sista mmoja mgonjwa, na damu ya sista huyo ikapelekwa Antwerp, ikawa mojawapo ya zile zilizouonyesha ulimwengu kirusi kipya. Hakuacha. Mwaka 1995 ugonjwa ulipoibuka Kikwit, yeye na wenzake waliwatia wagonjwa 8 damu ya watu waliopona, na 7 wakaishi. Na dawa iliyokubaliwa Marekani mwaka 2020 imetokana na damu ya mmoja aliyepona Kikwit.

Watu husema Muyembe ni mkuu kwa sababu ya Lovanium na Louvain. Hatukatai. Basi tumtazame mwingine: Denis Mukwege wa Bukavu, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018. Shahada yake ya udaktari aliipata mwaka 1983 katika chuo kikuu cha Burundi, ng'ambo tu ya mpaka, si katika chuo ambacho baba mdogo wa binti wetu angalikitaja kwa fahari. Akaenda kufanya kazi Lemera, milimani, akaona jinsi akina mama wanavyofika wakiwa wamekwisha kuumia kwa uzazi, na ni hilo lililompeleka Angers, Ufaransa, kujifunza magonjwa ya akina mama, kisha likamrudisha. Jina la chuo ni kama koti jeupe. Linampa mtu heshima mlangoni. Ndani, mgonjwa huangalia mikono.

Mjomba, na shauri la mwisho

Lilibaki jambo la mjomba, na hatukulidharau. Msichana wa miaka 18 katika mji mkubwa, bila ndugu, ni jambo. Wapo wanaume wanaowangoja wasichana wa namna hiyo, na wengine wao wamevaa tai. Tulimwambia mjomba kwamba ameona vizuri hatari, lakini dawa ya hatari si kumfungia mtoto nyumbani. Na miaka mitatu ya mwisho, hata kwa chuo cha karibu, binti angeondoka vilevile. Tukamwandikia Sista mkuu wa nyumba moja ya wasichana katika mji ule. Akajibu kwamba nafasi ipo, wawili katika chumba, lango hufungwa saa mbili ya usiku, na bei haikupita hesabu yetu. Mjomba aliisoma barua hiyo mara mbili, akaiuliza saa ya lango mara ya tatu, kisha akasema yeye ndiye atakayelipa nauli. Hapo tulijua kwamba amekubali.

Baba alimwita binti mbele ya wote, akamwambia: «Umeona ubao. Umesikia Mwalimu aliyoyaona, mema na mabaya. Sema sasa, maana ni wewe utakayekesha.» Binti alichagua chuo cha mbali. Alisema anaogopa ukumbi ule wa watu wengi, lakini anaogopa zaidi kuitwa daktari siku moja na mama mzazi akiwa mbele yake na yeye hajui pa kushika.

Jambo moja tulilisisitiza kabla hajasafiri: awaandikie wale wa chuo cha karibu kuwashukuru na kuiachilia nafasi yao. Wengi hunyamaza, na nusu ya karo iliyowekwa kwa ajili yao hukaa bure mpaka Novemba, hali kijana mwingine mwenye alama nzuri anaingojea. Aliandika ukurasa mmoja, sisi tukasahihisha makosa mawili. Mkuu akajibu kwa mkono wake, akamtakia heri.

Treni iliondoka siku nne baada ya siku iliyotangazwa. Barua yake ya kwanza ilifika Desemba. Anasema huamka saa kumi ya alfajiri ili apate mahali pa kukaa, na mara nyingi hapati, hukaa juu ya tofali. Ameanguka mtihani mmoja mdogo wa kemia na kufaulu mingine. Hospitali ameiona kwa nje tu. Mwishoni aliomba, si fedha, bali kiti. Baba alichukua ubao ule wa hesabu, akaongeza na mingine miwili, akatengeneza kigoda cha kukunja chenye mkanda wa kubebea begani, akakipeleka stesheni. Kilifika baada ya majuma matatu.